Maji Mekundu Juu ya Paa

Jumatatu, 10 Juni

Amekubali! Bi Immacolata wa ghorofa ya saba, mjane, mwenye roshani pana inayotazama magharibi, amekubali kwenda nami kunywa kinywaji cha jioni kwenye baa iliyo juu ya paa la hoteli, nyuma ya kanisa kuu. Nilimwomba ndani ya lifti. Hakuwa na pa kukimbilia. Alifikiri kwa ghorofa nne nzima, kisha akasema haya, kesho.

Naandika haya nikiwa ghorofa ya kwanza. Hapa nilizaliwa, hapa nimeishi miaka sitini na moja, na dirisha langu linatazama mapipa ya taka. Sijawahi kuona jua likizama nikiwa kwangu. Katika Milano yetu mtu hupimwa kwa viatu vyake, halafu kwa kile anachokitazama jioni akiwa na glasi mkononi. Viatu ninavyo.

Nampenda Bi Immacolata. Nimempenda tangu alipofiwa. Kabla ya hapo niliipenda roshani yake. Ukweli lazima uandikwe mahali fulani, na shajara hainyoshei mtu kidole.

Kikwazo ni ini. Daktari alisema mwezi uliopita: pombe basi, nisimeze hata funda moja. Lakini nilishamwambia Bi Immacolata kwamba ile pombe nyekundu chungu nimeinywa tangu ujana, na kwamba naweza kunusa tu nikajua chungwa limekatwa asubuhi au mchana. Sasa mwanamume wa aina hiyo ataagizaje juisi? Heri aje na kitambaa cha kufutia mate.

Nimepata dawa. Dada yangu Ersilia, ambaye naishi naye, ana kichupa cha rangi nyekundu ya keki. Matone manne ndani ya maji, barafu, kipande cha chungwa. Shetani mwenyewe hawezi kutofautisha. Nimekipeleka kichupa kwa Nazzareno, mchanganya vinywaji wa pale juu. Zamani, nilipokuwa na duka la vifungo, nilimtafutia vifungo sita vya kisibau chake cha harusi, vyote vya aina moja, na hajasahau. Amekubali, ila aliuliza kwa nini nisimwambie tu huyo mama kwamba naumwa. Nazzareno ni mtu mwema lakini hana upeo.

Jumanne, 11 Juni

Ushindi, wenye doa moja.

Mwezi huu jua letu halina haraka, huzama saa tatu. Kwa hiyo nilikuwa na muda mrefu wa kuonekana. Koti la kitani, viatu bila soksi. Bi Immacolata amekuja na gauni la kijani na pete zake zote. Mbele yetu sanamu ya Bikira Maria juu ya kanisa inang'aa dhahabu, na watu wote paani wameipa mgongo ili wapigwe picha nayo.

Doa: Colnaghi. Daktari wa meno mstaafu, ghorofa ya nne. Mtu mwenye ngozi ya kahawia ya kuota jua, Januari kwenye baridi kama Agosti, na hakuna anayejua anaipata wapi. Alikuja kwenye meza yetu, akambusu Bi Immacolata mkono, akakaa bila kuambiwa kaa. Eti anapita tu. Nani hupita tu kwenye paa la ghorofa ya nane?

Bi Immacolata amezaliwa Napoli na ana sheria zake za kugonganisha glasi. Mtazamane machoni. Mikono isipishane. Glasi isiwe tupu. Na kubwa kuliko zote: usimtakie mtu afya kwa maji, maana huko ni kumtakia kifo. Alisimulia kwamba mjomba wake alifanya hivyo kwenye arusi, na bwana arusi hakuiona Krismasi. Colnaghi akatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nikacheka kidogo. Sisi watu wa Milano tunaamini ratiba ya tramu tu.

Nikainua maji yangu mekundu, nikamtazama machoni, nikasema kwa afya yako. Akanywa chake. Nikanywa changu na kukunja uso, kama mtu anayeonja kitu kichungu. Nazzareno alikuwa anatazama dari, na pale hakuna dari.

Wakati wa kurudi kisigino cha kiatu chake kiliingia kati ya mawe ya barabara kikakatika. Nilimshika mkono mpaka nyumbani. Mungu mkubwa.

Jumatano, 12 Juni

Colnaghi aliwahi meza nzuri, ile ya pembeni inayotazama sanamu uso kwa uso. Alifika saa kumi na moja, jua bado kali, akakaa akiiva kama mkate. Mimi nilikuwa nimeituma kofia yangu: nilimpa Nazzareno mchana aiweke juu ya meza. Colnaghi aliikuta, akaitundika kwa adabu kwenye mti wa ndimu, akakaa. Ujambazi!

Tukalazimika kukaa naye. Tena glasi, tena macho, tena kwa afya yako. Zeituni na vipande vya jibini vilikuwa vizuri. Ila kuna jambo sikulipigia hesabu: rangi ya keki hushika. Nilipocheka, Colnaghi aliinama na kuniangalia mdomoni muda mrefu, macho ya kazi yake ya zamani. Akauliza kama nimebadilisha dawa ya meno. Nikasema ndiyo, ya Kifaransa. Tangu hapo nikawa nacheka nimefumba mdomo. Bi Immacolata akauliza kama jino linaniuma.

Mabaya zaidi. Tuliporudi, mimi nilibaki chini kumjibu dada, wao wakapanda. Lifti ikakwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Saa nzima! Bi Immacolata na Colnaghi, ndani ya kabati lile, bega kwa bega! Nilisimama chini nikipiga kelele za kuwatia moyo. Nilisikia wanaimba.

Alhamisi, 13 Juni

Leo paka wake ametapika kwenye zulia la harusi yake. Bi Immacolata amekuja paani na ile pembe ndogo ya marijani shingoni, nyekundu, ya kukinga husuda. Hana raha. Amesema si bure: kisigino, lifti, paka, siku tatu mfululizo. Kuna jicho la mtu. Akashusha sauti, akaniuliza mimi naona ni la nani.

Sikusema kitu. Ninaapa, sikusema. Nilitazama tu upande wa meza ya Colnaghi, nikakohoa.

Aligeuka polepole. Kisha akauliza, kwani ndani ya lifti nani alikuwa naye? Nikamwambia asiseme hivyo, jirani ni jirani. Ukitaka mtu aamini jambo, mkataze.

Alipokwenda kujipaka poda nikapita meza mbili tatu. Kina mama wawili wenye vipepeo vya kujipepea, na mthibitishaji mmoja wa hati anayejuana na kila mtu. Nikawauliza tu kama wamewahi kusikia lolote kuhusu yule daktari wa meno. Hawakuwa wamesikia. Sasa wamesikia.

Halafu nikarudi nikamtakia afya njema kwa mara ya tatu.

Ijumaa, 14 Juni

Uvumi wa Milano hauhitaji siku tatu. Huu umeiva usiku mmoja.

Colnaghi alipotokea mlangoni, mikoba yote ilifunguka. Kina mama wakatafuta funguo wapate kugusa chuma, maana kwetu chuma hukinga mtu na mwenye nuksi. Mthibitishaji alishika mguu wa chuma wa meza. Wanaume wengine walishika mahali ambapo sitapaandika, kwa sababu najua dada huisoma shajara hii. Jana ameacha unga kwenye ukurasa.

Meza ya kushoto kwake ikahama. Meza ya kulia ikahama. Akabaki na meza nzuri kuliko zote, zeituni sahani nzima, na machweo yote peke yake. Yalikuwa machweo mazuri, ya rangi ya pichi. Aliyatazama kidogo, kisha akaanza kusoma orodha ya vinywaji kama barua.

Nilisikia kitu kikinichoma kifuani. Nadhani ni ile rangi.

Tukakutana kwenye lifti baadaye, mimi na yeye. Akaniuliza taratibu:

"Bwana Ubaldo, wewe unanijua miaka ishirini. Nimewakosea nini wale watu?"

Nikamwambia labda ni harufu ya mafuta yake ya jua. Akanusa mkono wake. Akanishukuru.

Kuhusu Bi Immacolata: leo chungu cha mlimau kimeanguka kwenye roshani yake, kikapasuka vipande viwili. Mlimau alioupanda marehemu. Alilia kidogo akinisimulia, nami nikampa kitambaa changu. Halafu glasi, macho, kwa afya yako. Mara ya nne. Aliushika mkono wangu akasema mimi peke yangu ndiye mtu anayemtakia mema katika jiji hili.

Kesho namposa.

Jumamosi, 15 Juni

Sijalala, na si kwa sababu ya ini.

Nilikwenda na pete ya mama yangu mfukoni. Meza nzuri ilikuwa yetu, kwa sababu Colnaghi alikaa mwenyewe kule mwisho, karibu na mlango wa jikoni, asimsumbue mtu. Jua lilikuwa limebakiza vidole viwili kufika kwenye mapaa. Nazzareno akaleta glasi mbili nyekundu. Nikainua yangu. Hotuba nilikuwa nayo, inaanza na machweo na inamalizia na roshani.

Bi Immacolata akanizuia. Alisema usiku amempigia simu shangazi yake Napoli, na shangazi amempa dawa: mtu anayeandamwa na jicho abadilishane glasi na anayempenda, jicho lipotee njia.

"Likija kwako halitakuweza," akasema. "Wewe mtu wa Milano, huamini."

Anayempenda! Alisema anayempenda! Nilifurahi mno, akili ikachelewa. Nilipozinduka glasi yangu ilikuwa mkononi mwake na yake mkononi mwangu. Nikamwambia yangu ina ladha kali. Nikamwambia nina mafua. Nikasema tazama, lile la kule si puto? Alinitazama machoni, akasema kwa afya yako, akanywa.

Akashusha glasi. Akaonja tena, kidogo, kwa ncha ya ulimi. Kisha akamwita Nazzareno na kumuuliza kilichomo. Nazzareno akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi. Bi Immacolata akauliza tangu lini. Nazzareno akasema tangu Jumanne, mama, na samahani.

Mtu wa Napoli akipiga kelele, subiri zipite. Akishusha sauti, ogopa. Bi Immacolata alishusha sauti, hata meza ya jirani haikusikia.

"Kisigino," akasema, na kukunja kidole. "Lifti. Paka. Mlimau wa mume wangu. Kila jioni umenitazama machoni, Ubaldo, ukanitakia kifo. Na yule mzee wa watu ukamwacha akanuse mikono yake."

Kumbe Colnaghi alimweleza habari za mafuta ya jua. Watu wa lifti hawana siri.

Nikamwambia kuhusu ini. Nilisema haraka, vibaya, kama mwanafunzi aliyekamatwa. Alisimama, akavuka paa zima mpaka kule jikoni, akakaa kwenye meza ya Colnaghi. Watu wote wakaona. Akamwambia kitu. Akaagiza. Wakainua glasi, wakatazamana machoni. Jua likazama katikati ya vichwa vyao viwili na mimi sikuona kitu.

Pete iko mfukoni. Imepata rangi ya keki kutoka kwenye vidole vyangu vilivyoshika glasi.

Jumapili, 16 Juni

Sikwenda kanisani. Dada ametengeneza supu, akaiweka mbele yangu. Hilo si kawaida yake.

Mchana hodi. Bi Immacolata mwenyewe, ghorofa ya kwanza! Sikumbuki kama amewahi kuingia kwetu. Alitazama dirisha, akatazama mapipa, akatazama kiti changu kilichoelekezwa kwenye mapipa. Kisha akasema maneno ninayoyaandika jinsi yalivyo.

"Marehemu mume wangu alikaa miaka tisa bila kumeza pombe. Moyo. Kila jioni nilimmiminia, akagusisha midomo tu, akaweka glasi chini. Basi. Hakuna kilichoanguka, hakuna kilichovunjika. Ungeniambia tu, Ubaldo. Ningekuwa nakunywa zangu mbili, yako na yangu."

Nilijisikia vibaya sana. Naandika wazi: nilitaka kulia, na nilifanya hivyo kidogo, nikisingizia supu.

Akasema hana shida na ini langu, ana shida na uongo. Ila yeye si mtu wa kuweka vinyongo, vinaharibu ngozi. Jumanne jioni anafungua divai nyeupe kwake, kwenye roshani. Atakuwepo Colnaghi. Nami naweza kupanda, kwa sharti moja: kesho niende kule paani, mbele ya watu walewale, nimwondolee Colnaghi nuksi niliyomvika.

Roshani! Miaka sitini na moja, na Jumanne nitaliona jua likizama kutoka jengo letu. Nimeapa kwa kaburi la mama kwamba nitamsafisha Colnaghi mpaka ang'ae.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetimiza ahadi, na kwa ustadi.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Nuksi haifutiki hivihivi. Watu wameshagusa chuma siku tatu, hawawezi kuambiwa walikuwa wanagusa bure. Wataona haya, na mtu aliyeona haya hasamehe. Lazima wapewe mahali pengine pa kuipeleka.

Nikasimama kati ya meza, nikagonga glasi kwa kijiko. Nikasema mbele ya wote kwamba Bwana Colnaghi ni mtu safi, mwenye jicho jema, ambaye amesingiziwa. Nikasema waliomwogopa walikuwa sahihi kwamba kuna kitu juu ya paa hili, ila walikosea mtu. Nikawaomba wafikirie tu, kwa utulivu: ni mkono wa nani unaogusa kila glasi? Nani alikuwapo kila jioni, bila kukosa hata moja? Sikutaja jina. Nilikohoa.

Mikoba ikafunguka. Nazzareno alikuwa anakuja na sinia la glasi kumi, na kila alipofika watu walikuwa wanashika miguu ya meza.

Colnaghi alikuwepo, nilimwalika ashuhudie. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Alisema hakuwahi kujua kama mimi ni mtu wa namna hii. Nikamwambia wengi hawajui.

Nazzareno hakunitazama wakati wa kuondoka. Ana kazi nyingi.

Jumanne, 18 Juni

Saa moja jioni. Nimevaa. Viatu vinang'aa. Bado saa mbili jua lizame, na leo litazama mbele yangu.

Nimefikiria sana yaliyotokea na nimeona kosa langu lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye nyekundu. Nyekundu hushika meno, hushika pete, na kinywaji chenyewe ni kichungu, mtu akionja anajua papo hapo. Divai nyeupe ni jambo jingine kabisa. Ile haina rangi ya kutisha. Dada ana kichupa cha njano pia, nilikiona nyuma ya sukari. Tone moja, si manne. Nimejaza kichupa kidogo, kiko mfuko wa ndani wa koti. Bi Immacolata akimimina, mimi nasogea kuusifu mlimau, divai inaingia kwenye chungu kipya, maji yanaingia kwenye glasi. Sekunde tano. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, na kwenye mapipa.

Najua alichosema kuhusu kugusisha midomo. Ni maneno mazuri. Lakini kugusisha midomo ni kwa wagonjwa, na Colnaghi atakuwa amekaa pale pale, ngozi ile, akimeza. Sitaki waniangalie kwa huruma jioni ya kwanza. Nitawaeleza baadaye, tukishazoeana. Labda Septemba.

Nimemuaga dada. Alikuwa mlangoni, unga viganjani, na nikajua ameshasoma ukurasa wa jana. Nilidhani ataniambia kitu. Nilipompita aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni haraka, akashika funguo zake za chuma, akazishikilia mpaka nikaingia kwenye lifti.

Maskini Ersilia, anazeeka. Mlango ulikuwa wazi, sijui alitaka kufungua nini.